Kufuga Lochi Klauni Nyumbani: Tangi, Maji, Magonjwa na Ukweli Kuhusu Kuzalisha

Dukani lochi klauni ana urefu wa sentimita 5, rangi ya chungwa, mikanda mitatu mipana myeusi na sharubu fupi mdomoni. Muuzaji atakuambia tangi la lita 60 linamtosha. Halimtoshi. Samaki huyu, Chromobotia macracanthus, hufika sentimita 20 hadi 25 akitunzwa vizuri, wachache hukaribia 30, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Tena ni samaki wa kundi: akiwa mmoja au wawili hujificha mchana kutwa, hula kidogo na huugua upesi. Hesabu ya chini ni watano. Kwa hiyo ununuzi wa kwanza ni tangi la samaki watano wakubwa, na mengine yote yanafuata hapo.

Asili yake ni mito ya Sumatra na Kalimantan nchini Indonesia, kama Batang Hari, Musi na Kapuas. Mvua zinapoanza, wakubwa hupanda mto kwenda kutaga, na vifaranga huteremshwa na maji hadi kwenye mabonde yaliyofurika. Huko wavuvi huwanasa wadogo kwa vipande vya mianzi, kwa sababu lochi akiona tundu lazima aingie. Tabia hizo zinakueleza anachohitaji nyumbani: maji ya uvuguvugu yenye madini machache, mkondo wenye oksijeni ya kutosha, na mahali pa kujibana.

Tangi na vifaa

Kipimo kizuri ni sentimita 180 kwa 60 kwa 60. Likijaa hadi ukingoni ni lita 648. Ukiondoa mchanga, magogo na nafasi ya juu, maji halisi ni kama lita 550. Kioo kiwe cha milimita 12, na juu pawe na mihimili ya kioo kuzuia pande za mbele na nyuma kubinuka. Tangi hilo likiwa na maji, mchanga na stendi huzidi kilo 800. Liweke chini, kwenye sakafu ya zege iliyo sawa. Ghorofani usiliweke kabla fundi wa ujenzi hajakuonyesha boriti zinapita wapi.

Tangi la lita 300 (sentimita 120 kwa 50 kwa 50) linaweza kuwalea wadogo kwa miaka miwili hivi, mradi unajua kubwa linatoka wapi. Kama halitapatikana, chagua samaki mwingine. Ambastaia sidthimunki, lochi mdogo wa Thailand mwenye michoro kama mnyororo, haendi mbali zaidi ya sentimita 6, na kundi lake la wanane linaishi vizuri katika lita 120. Hakuna aibu katika uamuzi huo. Aibu ni lochi wa miaka minane anayegeuka kwa shida ndani ya kisanduku.

Chini weka mchanga laini wa mto uliooshwa, kina cha sentimita 3. Kwa tangi hili ni takribani kilo 50. Mchanga wa ufukweni na vipande vya matumbawe havifai, kwa kuwa chokaa yake huongeza ugumu wa maji na kupandisha pH, kipimo cha uasidi wa maji. Ukitilia shaka mchanga au jiwe lolote, lidondoshee siki: likitoa povu, lina chokaa. Kokoto zenye makali pia ziache, maana lochi hutafuta chakula kwa sharubu na zikichubuka huingiwa na bakteria.

Kwa mapango, hakuna kinachoshinda bomba la plastiki la inchi 4 lililokatwa vipande vya sentimita 30, kingo zikapigwa msasa. Weka mapango mengi kuliko samaki, maana wakigombania moja kila usiku hawatulii. Usiache mianya ambayo samaki ataingia na kushindwa kugeuka. Gogo la mti lichemshwe au lilowekwe hadi lizame lenyewe.

Chujio: mawili ya nje, kila moja la lita 2,000 kwa saa, ni bora kuliko moja la 4,000. Unaliosha moja wiki hii na la pili baada ya wiki tatu, bakteria wanaosafisha maji hawapotei wote kwa pamoja. Kila mdomo wa kunyonyea uvalishe sponji. Lochi mdogo huingia humo na kukutwa ndani ya chujio. Ongeza pampu ya hewa. Mfuniko ni lazima, na tundu la mabomba lizibwe kwa sponji, kwa sababu hawa huruka, hasa wiki za kwanza.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 27 hadi 29 za Selsiasi. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, kwa sehemu kubwa ya mwaka maji hufika hapo yenyewe, na shida huwa kinyume: miezi ya joto kali yakipita 31, fungua mfuniko, weka wavu juu, na uelekeze feni usoni pa maji. Nairobi, Arusha na Mbeya huwezi kufuga bila hita. Tumia mbili za wati 300 badala ya moja ya 600. Hita moja ikigoma kuzima, haina nguvu ya kuwachemsha samaki upesi; ikifa, ya pili inashikilia joto hadi uamke.

Maji

pH kati ya 6 na 7.2 inafaa, na maji laini, yaani yenye madini machache, ni bora. Wenye maji ya bomba ya Nairobi, ambayo sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, huanza na maji laini. Anayetegemea kisima cha Pwani mara nyingi ana maji ya chumvi na chokaa. Hayo yachanganye na maji ya mvua. Ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaache yapite, kwa sababu yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege kutoka kwenye bati. Usitumie ya mvua peke yake: hayana kabonati ya kushikilia pH, na pH inaweza kuporomoka ndani ya siku chache, bakteria wa chujio wakasimama kufanya kazi. Anza na nusu kwa nusu, kisha pima.

Klorini hutoka yenyewe maji yakikaa kwenye pipa lililo wazi saa 24 hadi 48, huku jiwe la hewa likipuliza. Kloramini haitoki hivyo; inahitaji dawa ya kuondoa klorini. Kama hujui mamlaka yenu inatumia ipi, tumia dawa kila mara.

Samaki huyu asiingizwe kwenye tangi jipya. Pevusha chujio kwanza, yaani subiri bakteria wake wazaliane, hivi:

1. Jaza maji yaliyoondolewa klorini, washa chujio, hewa na hita kwenye nyuzi 28.
2. Kila siku tupa kifinyo cha chakula cha samaki ndani ya tangi tupu. Kikioza hutoa amonia, sumu ambayo bakteria huigeuza nitraiti, nayo sumu, kisha nitreti isiyo na ukali huo.
3. Baada ya wiki moja hivi pima amonia na nitraiti kila baada ya siku mbili. Amonia hupanda, kisha hushuka huku nitraiti ikipanda.
4. Zote mbili zikisoma sifuri kwa siku saba mfululizo ilhali bado unatia chakula, na nitreti imepanda, chujio limeiva. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita. Sponji chafu kutoka tangi la mtu lililokomaa, lisilo na ugonjwa, linaweza kupunguza muda huo hadi wiki mbili.
5. Badilisha nusu ya maji, weka samaki wagumu wachache kwanza, lochi waje mwishoni.

Baada ya hapo badilisha asilimia 40 ya maji kila wiki. Nitreti isipite miligramu 20 kwa lita. Inaweza kufika 40 bila samaki kuonyesha dalili, ila ukuaji unadumaa, na hapo ndipo wengi huamini kwamba lochi "hukua kulingana na tangi". Anayeishi hivyo amedumaa, na maisha yake hufupika.

Kununua na kuwaleta nyumbani

Chagua wenye sentimita 5 au zaidi; wa sentimita 3 hufa kwa wingi. Mtazame kwa juu: mgongo uwe mnene na tumbo la mviringo. Mgongo mwembamba kama kisu na kichwa kikubwa kuliko mwili ni dalili ya vijidudu vya tumboni. Mwambie muuzaji awape chakula ukiwapo. Ukiona doa jeupe hata kwa mmoja tu ndani ya tangi la dukani, ondoka bila kununua yeyote wa tangi hilo, hata kama wengine wanaonekana wazima.

Chini ya kila jicho lochi ana mwiba wenye ncha mbili, na hufyatua akiogopa. Mwiba hunasa kwenye wavu, na ukivuta unamrarua uso. Mwongoze aingie kwenye chombo cha plastiki, umtoe na maji yake. Akishanasa, zamisha wavu ndani ya maji na usubiri atulie na kuukunja mwenyewe; asipoukunja, kata nyuzi za wavu kwa mkasi. Mfuko wa safari uwe wa plastiki mbili, kwani mwiba huo hutoboa.

Ukifika, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 20, kisha ongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika 10 kwa muda wa saa moja. Maji ya dukani yamwage, yasiingie tangini. Taa zizimwe siku hiyo.

Wiki nne za kwanza wakae karantini: tangi la lita 100, chujio la sponji lililopevushwa, mabomba ya kujificha, nyuzi 28 hadi 29, bila mchanga ili uone kinyesi chao. Ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama kundi litafika mwaka wa pili.

Tabia zinazotisha bure

Atalala ubavu, au atajibanza kwenye bomba kichwa chini. Wageni humdhania mfu, amelala tu. Wakigombea ukubwa, rangi ya chungwa hufifia na mwili hugeuka kijivu kwa nusu saa, kisha hurudi. Wakati wa kula utasikia mlio wa tik-tik hadi sebuleni, unaotoka kwenye meno yao ya kooni. Kijivu kinachodumu siku nzima ndicho cha kushughulikia: pima maji mara moja.

Chakula

Wape mara mbili kwa siku, na mlo mkuu uwe jioni dakika chache baada ya kuzima taa. Msingi ni vidonge vinavyozama. Mara tatu kwa wiki ongeza uduvi au kamba waliokatwakatwa, minyoo ya udongo iliyooshwa, au mabuu mekundu yaliyogandishwa. Mboga wanazipenda: kipande cha tango kilichofungwa kwenye kijiwe, mchicha uliotiwa maji ya moto, njegere zilizomenywa ganda. Wadogo waliokonda wapewe mara nne kwa siku, kidogo kidogo.

Konokono ni kitoweo chao, na wengi huwanunua lochi kwa kazi hiyo tu. Kumnunua samaki wa miaka 20 ili akumalizie konokono wa mwezi mmoja ni hesabu mbaya, lakini konokono wakiwapo, lochi watawamaliza. Usiende kuwachota konokono bwawani au mtoni. Konokono wa maji baridi katika Afrika Mashariki ndio wanaobeba kichocho, na wewe uliyeingia majini kuwatafuta ndiye utakayeambukizwa. Tumia wale tu waliozaliwa ndani ya tangi.

Majirani wanaofaa ni samaki wepesi wa maji laini: tetra wa Kongo, rasbora wakubwa, samaki wapole wa jamii ya barbi. Mbuna wa Ziwa Malawi na sikilidi wa Tanganyika wanataka maji magumu yenye pH inayokaribia 8 au zaidi, kwa hiyo upande mmoja utaishi kwa mateso. Samaki wa dhahabu wanataka baridi. Beta na wenye mapezi marefu watanyonyolewa.

Madoa meupe

Huu ndio ugonjwa unaowaua wengi. Lochi ana magamba madogo sana yaliyozama kwenye ngozi, na mabadiliko ya joto humpokonya kinga. Kimelea, Ichthyophthirius, hukaa chini ya ngozi na hapo dawa haimfiki. Akishiba hudondoka, hujifunika chini ya tangi, na kugawanyika kuwa mamia ya wachanga wanaoogelea kutafuta samaki. Ni hao wanaoogelea tu wanaokufa kwa dawa. Ndiyo sababu madoa yakitoweka siku ya tatu ugonjwa haujaisha, umeshuka mchangani.

Pandisha joto nyuzi moja kila baada ya saa 6 hadi ufike 30, ili mzunguko uende haraka. Ongeza hewa, kwa kuwa maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Tia chumvi safi isiyo na viungo: gramu 1 kwa lita siku ya kwanza, na gramu 1 nyingine siku ya pili, ukiiyeyusha kwanza pembeni. Kwa karantini ya lita 100 ni gramu 200 jumla. Fyonza uchafu wa chini kila siku, na maji unayorudisha yawe na chumvi ile ile. Endelea siku 14, na siku saba za mwisho zisiwe na doa hata moja. Likitokea, anza kuhesabu upya. Aina nyingine za kimelea hustahimili nyuzi 30, hivyo kama siku ya tano hali inazidi, tumia dawa ya malakaiti ya kijani na formalini kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa, ukiondoa mkaa kwenye chujio. Dawa za shaba usiziguse: kipimo cha kuua kimelea na cha kumuua lochi viko karibu mno.

Kukonda huku anakula

Samaki anakula kama wenzake, lakini mgongo unazidi kuwa mwembamba na kinyesi ni cheupe chenye nyuzi. Mara nyingi ni minyoo ya tumboni, hasa kwa waliovuliwa mtoni. Levamisole hidrokloridi hufanya kazi vizuri: miligramu 2 za dawa halisi kwa lita, saa 24 gizani kwa sababu mwanga huiharibu, kisha ubadilishe nusu ya maji na kufyonza chini, maana minyoo hudondoka ikiwa imepooza. Rudia baada ya wiki moja, mara tatu jumla.

Duka la dawa za mifugo linayo, ila soma lebo kwa makini. Dawa nyingi za ng'ombe na mbuzi huchanganya levamisole na oksiklozanaidi ya minyoo ya ini. Hiyo isiingie kabisa tangini. Ukipata unga wa levamisole pekee wa asilimia 10, lita 100 zinahitaji gramu 2 za unga huo, ambazo ndani yake mna miligramu 200 za dawa. Kosa la kusahau asilimia ndilo linaloua, si dawa yenyewe. Ikiwa minyoo si chanzo, tatizo huweza kuwa vijidudu wenye mikia, na hapo hutumiwa metronidazoli iliyochanganywa kwenye chakula.

Umeme ukikatika

Nunua pampu ya hewa ya betri kabla hujanunua samaki. Umeme ukikatika usiwalishe. Chujio la nje lililofungwa likikaa saa tatu au nne bila mkondo, oksijeni ndani huisha, bakteria hufa na uchafu huoza. Umeme ukirudi, maji hayo machafu humwagwa yote tangini kwa mkupuo. Basi chomoa chujio, fungua kifuniko, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Je, watazaa?

Kwa tangi la nyumbani, jibu la kupangia ni hapana. Kutaga bila homoni kumesikika mara chache mno. Kichocheo chao porini ni safari ya kupanda mto, maji kufurika na hali ya maji kubadilika, yote kwa pamoja; kubadilisha nusu ya maji kwa maji baridi ya mvua, hila inayofaulu kwa samaki wengi, kwa hawa haitoshi. Kutofautisha jike na dume nako ni kazi: jike aliyekomaa huwa mpana tumboni, na ile kanuni ya kuangalia umbo la ncha ya mkia haiaminiki.

Wanaozalishwa kibiashara hupatikana kwa sindano. Huko Depok, karibu na Jakarta, watafiti wa Indonesia na Ufaransa walifanya kazi kubwa ya kuipanga njia hiyo, na hatua zake kwa jumla ni hizi:

1. Wazazi hufugwa kwa miaka hadi wakomae, wakilishwa protini nyingi.
2. Jike hulevywa kwa mafuta ya karafuu, kama miligramu 40 hadi 50 kwa lita, yaliyotikiswa kwanza ndani ya chupa ya maji ya uvuguvugu kwa kuwa hayayeyuki yenyewe. Mayai machache hufyonzwa kwa mrija mwembamba ili kupima kama yameiva.
3. Mayai yakiwa tayari, jike hudungwa homoni ya kuchochea utagaji pamoja na domperidoni, dawa inayoisaidia homoni hiyo kufanya kazi. Dawa maarufu ya aina hiyo, Ovaprim, hupimwa kwa kawaida mililita 0.5 kwa kilo ya samaki, mara nyingi kwa sindano mbili. Jike wa gramu 150 anahitaji mililita 0.075 tu, ndiyo maana hutumika bomba la sindano la insulini.
4. Mayai hukamuliwa kwenye bakuli kavu, yakachanganywa na mbegu za dume, kisha maji huongezwa. Tone la maji likitangulia, mbegu huamka na kuisha nguvu kabla ya kufika kwenye yai.
5. Mayai hayanati. Huwekwa kwenye chombo chenye maji yanayopanda polepole kutoka chini, nyuzi 26 au 27, na huanguliwa baada ya siku moja hivi. Yaliyoharibika hugeuka meupe na lazima yaondolewe kabla ukungu haujaenea.
6. Kuanzia siku ya tatu au ya nne, kiini kikikaribia kwisha, vifaranga hupewa artemia, vijidudu vidogo jamii ya uduvi wa maji ya chumvi, waliototolewa saa chache tu zilizopita, mara kadhaa kwa siku.

Ugumu kwa mfugaji wa nyumbani uko kwenye hatua ya tatu. Jike akidungwa kabla mayai hayajaiva, hatagi na huweza kufa mayai yakimziba, na jike huyo umemlea kwa miaka mitano au zaidi. Bila mkufunzi wa uzalishaji wa samaki au daktari wa mifugo aliyezoea samaki kusimama kando yako, usijaribu. Anayetaka ladha ya kuzalisha aanze na tangi la pembeni la lita 60 na samaki wanaotaga wenyewe, kama sikilidi wadogo wa Tanganyika wanaotaga ndani ya makombe ya konokono. Vifaranga atawaona ndani ya miezi michache.

Wakikushinda, warudishe dukani au mpe mwenye tangi kubwa. Usiwamwage mtoni wala ziwani: ni samaki wageni katika maji yetu, na ugonjwa wanaobeba huenda usirudi ulikotoka.